Gari Jipya, Gereji Kila Wiki: Sheria Inasemaje?

Ukifika Chekereni ukamuulizia binamu yangu kwa jina lake, watu watakutazama tu. Uliza "Bwana Gereji" ndipo utaonyeshwa nyumba. Si kwamba ni fundi. Ana kirikuu mpya, mpya kweli kweli, siyo ile "mpya" yetu ya kushuka bandarini na kapeti la Mjapani, na kirikuu hiyo inalala gereji mjini Moshi kuliko inavyolala kwake.

Aliitoa dukani viti vikiwa bado na nailoni. Kazi yake kubeba mpunga kutoka majarubani hadi mashineni, na mchele kuupeleka sokoni mjini. Wiki ya pili injini ikachemsha. Wakabadilisha kitu. Wiki ya nne ikachemsha tena, wakabadilisha kingine. Mara ya tatu ikawa klachi. Mara ya nne ikarudia kuchemsha palepale. Kila akienda, muuzaji (jina namhifadhi) anampa soda baridi na maneno matamu: "Usijali boss, ipo ndani ya waranti." Sasa mkopo wa kununulia hiyo gari haujui waranti, na mwenye benki hanywi soda!

"Kaka, wewe mtu wa magazeti," akaniambia. "Hivi siwezi kuwarudishia gari lao wanipe hela zangu?"

Swali zuri hilo. Nikaenda kusumbua wanasheria na vitabu vyao.

Marekani gari jipya lisilopona huitwa "limau". Jimbo la Connecticut lilipitisha Sheria ya Limau mwaka 1982, na majimbo mengine yakafuata. Ya Connecticut iko wazi: kasoro ileile ikitengenezwa mara nne bila kupona, au gari likikaa gereji siku 30 kwa jumla, mwenye gari anaweza kudai jingine au fedha zake. Unahesabu vidole, basi.

Sisi hatuna Sheria ya Limau. Tunayo Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ya enzi za mkoloni, iliyofuata sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, kabla hata magari hayajajaa barabarani. Lakini msiidharau bibi huyo. Kifungu chake cha 16 kinasema kwamba ukinunua kwa mtu ambaye biashara yake ni kuuza vitu vya aina hiyo, bidhaa lazima iwe na ubora wa kuuzika, hata kama mkataba haukusema neno. Na ukimweleza muuzaji kazi unayotaka kuifanya, ukategemea ujuzi wake akuchagulie, lazima ifae kazi hiyo.

Hapa kuna mtego. Ukiingia dukani ukataja chapa mwenyewe, "nipe ile pale", kinga hiyo ya pili inaweza kukuponyoka. Mwaka 1925 huko Uingereza bwana Baldry aliwaambia wauzaji anataka gari la starehe la kutembelea, wakampendekezea Bugatti. Gari likawa la mashindano zaidi kuliko la matembezi. Wauzaji wakasema, si ulinunua Bugatti kwa jina lake? Mahakama ikakataa: aliwategemea wao. Kwa hiyo ukienda dukani sema kazi yako, tena iandikwe: "ya kubeba magunia, barabara ya vumbi."

Sasa tuje kwenye kurudisha gari, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Kuna kesi mbili za Uingereza zilizoripotiwa mwaka 1987. Ya kwanza ni ya Rogers, aliyenunua Range Rover mpya: injini, giaboksi, bodi, vyote vina matatizo. Alihangaika nayo miezi sita na karibu kilomita 9,000 akilalamika, kisha akaikataa, na Mahakama ya Rufani ikamkubalia. Ya pili ni ya Bernstein na Nissan yake mpya. Wiki tatu tu, maili 140, injini ikakwama kwa sababu ya kipande cha gundi kilichoachwa kwenye njia ya oili. Jaji akakubali gari lilikuwa bovu, lakini akasema wiki tatu zimeshapita, umelipokea, huwezi kulikataa tena. Akapewa fidia tu.

Wiki tatu, jamani! Waingereza wenyewe walishabadilisha: sheria yao ya 2015 inampa mnunuzi siku 30 za kukataa, na baada ya hapo matengenezo ya mara moja yakishindikana anaweza bado kulirudisha. Sisi tumebaki na maneno "muda wa kutosha", na jaji ndiye anayepima. Kesi za Uingereza kwetu si amri, ila hakimu anaweza kuzisikiliza.

Ndiyo maana zile soda baridi zinanikera. Wiki zinakwenda, wewe unacheka na muuzaji, na hakuna hata karatasi moja inayoonyesha kwamba ulilalamika. Binamu alikuwa na miezi mitatu ya malalamiko ya mdomo. Tulikaa chini, tukaandika tarehe zote na kilichobadilishwa kila mara, barua ikapelekwa na nakala ikagongwa muhuri wa kupokelewa.

Kuna jambo lilimkosesha usingizi. Ukishatamka umelikataa gari, usiendelee kulitumia kama lako. Yaani kirikuu ipaki, mpunga wa watu uko shambani, na rejesho la benki liko palepale. Akilishikilia apige kazi, anabaki na haki ya kudai fidia, siyo kurudishiwa bei. Mimi ningelirudisha. Lakini mimi sidaiwi na benki. Yeye amechagua kudai fidia, gari anaendelea nalo likiwa zima.

Madai ya mkataba yana miaka sita chini ya Sheria ya Ukomo ya 1971, kwa hiyo hajachelewa mahakamani. Njia nyingine ni Tume ya Ushindani, FCC, iliyotokana na Sheria ya Ushindani ya 2003, ambayo inagusa haki za mlaji, wajibu wa mtengenezaji na bidhaa mbovu kuondolewa sokoni. Kupeleka lalamiko huko hakuhitaji wakili.

Na wewe wa gari la mtumba usijione umesahaulika. Ukinunua yadi, mwenye yadi ni mfanyabiashara, kifungu cha 16 kinamhusu, ingawa gari kuukuu halipimwi kama jipya. Ila ukilikagua kabla ya kununua, kasoro ambayo ukaguzi wako ungepaswa kuiona ni mzigo wako. Ukimpeleka fundi, basi afungue boneti kweli, asipige teke tairi tu. Na ukinunua kwa jirani asiyefanya biashara ya magari, kinga ya ubora wa kuuzika haipo.