Dawa ya Bure na Bei Yake

Tanzania na Kenya hazimtozi mgonjwa dawa za kifua kikuu. Makohozi hupimwa bure na vidonge hutolewa bure. Vijidudu vikiwa sugu, yaani dawa za kawaida haziviui tena, dawa nzito zaidi nazo hutolewa bila malipo, kwa fedha za serikali na za wafadhili. Kwa mujibu wa dirisha la dawa, mgonjwa hadaiwi kitu.

Nyumbani kwake hesabu ni nyingine. Mwaka 2017 Kenya ilichunguza gharama wanazobeba wagonjwa wa kifua kikuu na familia zao. Ilikuta kwamba zaidi ya robo ya kaya zilikuwa zimepoteza angalau asilimia 20 ya kipato chao cha mwaka, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani hukichukulia kuwa gharama ya kuangamiza kaya. Kwa wenye kifua kikuu sugu, walioangukia humo walizidi 8 katika kila 10.

Fedha hizo huishia kwenye nauli na chakula, lakini zaidi huishia kwenye kazi iliyosimama. Matibabu ya zamani ya kifua kikuu sugu yalichukua miezi 18 hadi 24, na miezi sita au minane ya mwanzo ilikuwa ya sindano karibu kila siku. Mama lishe anayetakiwa kituoni asubuhi kwa sindano hawezi wakati huohuo kuwahudumia wateja wa chai na vitumbua. Baada ya wiki chache wateja huzoea meza ya jirani. Mtaji ukishaliwa, ada ya shule hukopwa, kisha huuzwa cherehani au mbuzi. Tanzania ilipoanza kutibu kifua kikuu sugu mwaka 2009, ilianzia katika hospitali moja tu, Kibong'oto, iliyopo Siha mkoani Kilimanjaro tangu 1926. Mgonjwa wa Kigoma au Mtwara alivuka nchi nzima kuifuata, akalazwa huko kwa miezi, na aliowaacha nyuma walijitafutia riziki wenyewe.

Hayo ni ya mfukoni. Mwili nao ulitozwa, na hapo ndipo ninapotaka tukae.

Sindano zenyewe zilikuwa za kanamaisini, amikasini au kapreomaisini. Mbili za kwanza ni ndugu wa streptomaisini, dawa iliyogunduliwa Marekani mwaka 1943 na kuwa ya kwanza kukishinda kifua kikuu. Tangu miaka ile ya mwanzo madaktari waliona kwamba baadhi ya waliopona walipoteza usawa wa mwendo au usikivu. Ndani kabisa ya sikio mna seli zenye vinywele vidogo mno, ambavyo mtikiso wa sauti huvitingisha, navyo huugeuza mtikiso huo kuwa ishara ya kwenda kwenye ubongo. Dawa za jamii hii hupenya katika seli hizo, hukaa humo muda mrefu kuliko zinavyokaa kwenye damu, na huziua. Binadamu haoti nyingine.

Zinazotangulia kufa ni zile za sauti nyembamba, kwa hiyo mgonjwa hana habari. Mazungumzo anayasikia vizuri, ila ndege na mlio wa simu vimeanza kufifia. Kipimo cha usikivu kingeonyesha hasara mapema, lakini kliniki nyingi hazikuwa na mashine wala mtu wa kuitumia. Mgonjwa anaposema "sikusikii, rudia", seli za sauti za kawaida nazo zimekwisha kuguswa. Utafiti wa Botswana uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta kwamba asilimia 62 ya wagonjwa waliotibiwa kwa amikasini walipungukiwa na usikivu. Katika daftari la kliniki, mtu wa namna hiyo akimaliza dozi na makohozi yake yakiwa safi, huandikwa "amepona".

Phumeza Tisile wa Khayelitsha, Cape Town, aligunduliwa kuwa na kifua kikuu mwaka 2010, akiwa mwanafunzi wa chuo. Alitibiwa kwa zaidi ya miaka mitatu, akapona, lakini kanamaisini ilikuwa imemwacha kiziwi. Baadaye alisikia tena kwa vifaa vilivyopandikizwa masikioni, vilivyonunuliwa kwa fedha za michango. Huko India, Nandita Venkatesan alipoteza usikivu kwa dawa za jamii hiyohiyo.

Wakati wao wakichomwa, dawa nyingine ilikuwa njiani. Bedakuilini ya kampuni ya Johnson & Johnson iliidhinishwa Marekani Desemba 2012, ikiwa dawa ya kwanza ya aina mpya kwa kifua kikuu baada ya takriban miaka 40. Ni vidonge, na masikio haiyagusi. Ilikuja na onyo kali, kwa kuwa katika jaribio moja dogo waliokufa walikuwa wengi zaidi upande wa waliopewa dawa hiyo, na ilijulikana kwamba hubadili mapigo ya moyo. Tahadhari ilikuwa ya haki. Lakini naona uchungu nikilinganisha: hofu juu ya moyo ilichelewesha vidonge, ilhali uziwi uliokuwa ukitokea kila mwaka mbele ya macho ya wote haukusimamisha sindano. Rekodi za maelfu ya wagonjwa wa Afrika Kusini zilikuja kuonyesha kwamba waliopewa bedakuilini walikufa wachache zaidi kwa mbali.

Kikwazo kingine kilikuwa bei. Kampuni ilipanga madaraja: dola 900 za Marekani kwa miezi sita katika nchi maskini, dola 3,000 katika nchi za kati, na dola 30,000 katika nchi tajiri. Kanamaisini ilikuwa rahisi kuliko hata daraja la chini kabisa. Kwa hiyo programu ya taifa iliyobana matumizi kwa kubaki na sindano haikuokoa fedha. Iliuhamisha mzigo kutoka bajeti ya wizara hadi sikio la mgonjwa, na baada ya uziwi, hadi kazi aliyoipoteza na shule aliyoiacha.

Afrika Kusini ilivunja mtindo huo Juni 2018, ilipotangaza kuziacha sindano na kutumia bedakuilini, na mwezi uliofuata bei ikashuka hadi dola 400. Kampuni ilikuwa pia imeomba India hataza nyingine, ya chumvi ya dawa ileile, ambayo ingewazuia watengenezaji wengine hadi 2027. Miongoni mwa waliopinga ombi hilo mbele ya ofisi ya hataza walikuwa Tisile na Venkatesan, watu wawili waliokwisha kulipa kwa masikio yao. Machi 2023 ombi lilikataliwa. Miezi michache baadaye, watengenezaji wengine walipoingia, bei kupitia ununuzi wa pamoja wa kimataifa ilifika dola 130.

Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mchanganyiko wa vidonge tupu kwa miezi sita: bedakuilini, pretomanidi, linezolidi na moksifloksasini. Ni nafuu kubwa, lakini linezolidi hupunguza damu, hutia ganzi na moto nyayoni, na ikiachwa bila uangalizi hudhuru neva ya macho. Katika jaribio la awali lililotumia miligramu 1,200 kwa siku, wagonjwa 8 katika kila 10 walipata ganzi ya namna hiyo. Kushusha dozi hadi miligramu 600 kulipunguza madhara bila kupoteza uponyaji mwingi.

Linezolidi humtaka mgonjwa apimwe wingi wa damu mara kwa mara, achunguzwe macho, na aulizwe kila ziara kama anazihisi nyayo zake. Vidonge vimeshalipiwa na serikali na wafadhili. Kituo kikiishiwa kemikali za kupima damu, mgonjwa huelekezwa maabara ya mtaani, na huko hulipa mwenyewe.