Kocha Apigwe Kalamu au Kamati Iende? Kilio cha Mashabiki wa Ingwe

Hapa Mai Mahiu huhitaji gazeti kujua kama Ingwe ilishinda au ilishindwa wikendi. Nenda tu Jumatatu asubuhi pale malori yanapoegeshwa, ununue hindi lako la kuchoma, utege sikio. Ukiwakuta madereva na matanboi wanapigana makofi mgongoni, AFC Leopards imeshinda. Ukisikia mtu anaanza kusema, "Sasa hii kamati yetu...", basi elewa kwamba tumechapwa. Hatajwi mshambulizi aliyekosa bao la wazi wala kipa aliyedaka hewa. Anayelaumiwa ni kamati.

Katika mdahalo wa chama chetu muhula uliopita, hoja ilikuwa hii: mashabiki wa timu inayoshindwa wasusie mechi mpaka wasimamizi wabadilike. Upande wa kuunga mkono ulishinda, tena kwa kelele. Mimi nilikuwa upande wa kupinga na sikuwa na la kusema, kwa sababu nilipokuwa nikisimama pale mbele nilimkumbuka mjomba wangu, ambaye amesusa kwelikweli. Anafanya kazi katika shamba la maua kule Naivasha, na zamani alikuwa akipanda matatu hadi Nairobi kila mechi kubwa. Siku hizi anasikiliza redio, na mambo yakienda mrama anaizima. Tangu mdahalo ule nimekuwa nikiuliza na kusoma ili nielewe tatizo liko wapi hasa. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza tujue aliyeanguka ameanguka kutoka wapi. Klabu hii ilianzishwa mwaka 1964 ikiitwa Abaluhya, na Joe Kadenge ni mmoja wa waliovaa jezi yake. Ilitwaa ubingwa wa ligi mwaka 1966, halafu 1967, na ikaendelea hivyo mpaka ikafikisha mataji 12. Miaka ya themanini ndiyo ilikuwa asali tupu. Ubingwa wa Kenya ulikuja mara tatu mfululizo, 1980, 1981 na 1982, kisha kombe la klabu za Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, 1982 hadi 1984. Golini alikuwa Mahmoud Abbas, na mbele J.J. Masiga, ambaye ati alikuwa pia daktari wa meno. (Hebu fikiria, unafungwa bao na mtu ambaye Jumatatu atakung'oa jino!) Taji la mwisho la ligi lilikuja mwaka 1998. Tangu hapo hadi msimu wa 2024/25 ulipokwisha, halikuonekana tena. Mwalimu kijana aliyezaliwa mwaka 1998 leo anatufundisha sisi, na hajawahi kuona Ingwe ikiwa bingwa. Katikati ya miaka ya 2000 timu hata iliteremka daraja, ikarudi ligi kuu mwaka 2009.

Shemeji zetu wa Gor Mahia nao wanajua njaa hii. Ndio klabu pekee ya Kenya iliyowahi kutwaa kombe la bara la Afrika, mwaka 1987, walipoitoa Espérance ya Tunisia kwa bao la ugenini baada ya sare ya 2-2 kule na 1-1 hapa nyumbani. Lakini baada ya ubingwa wa 1995 walikaa miaka 18 wakila vumbi hadi 2013. Kwa hiyo tunapocheza nao ile mechi ya Mashemeji (jina lenyewe linatokana na Waluo na Waluhya kuoana sana), tunachekana, lakini ni kicheko cha watu waliolala njaa nyumba moja.

Sasa tuingie jikoni. Mashabiki wanailaumu kamati kwa sababu gani hasa? Ukiwasikiliza vizuri, karibu kila lalamiko linarudi kwa makocha. Tazama mwaka 2018 peke yake. Robert Matano, aliyekuwa ametupatia kombe la GOtv Shield Oktoba 2017, aliondoka mwanzoni mwa mwaka. Dennis Kitambi akashikilia. Akaja Rodolfo Zapata kutoka Argentina, naye akaenda. Kabla mwaka haujaisha akaja Nikola Kavazović kutoka Serbia, naye kabla hajazoea chapati za Nairobi akaondoka kwenda Afrika Kusini. Marko Vasiljević akafuata, na mapema 2019 nafasi yake ikachukuliwa na Casa Mbungo wa Rwanda. Wachezaji walewale, katika muda wa kama mwaka mmoja hivi, walipewa maagizo na watu sita tofauti! Mmoja anataka mipira mirefu, mwingine pasi fupifupi, wa tatu anataka beki wa kulia awe mshambulizi. Naye Matano? Alikwenda Tusker, na huko akatwaa ubingwa wa msimu wa 2020/21 na wa 2021/22. Hapo ndipo mjomba alipoizima redio mara ya kwanza.

Mtu atauliza, mbona kamati inafukuza kocha haraka hivyo? Jibu ni kwamba kocha ndiye rahisi kufukuzwa. Huwezi kuwafukuza wachezaji 25 katikati ya msimu, na mwenyekiti hawezi kujifukuza mwenyewe. AFC Leopards ni klabu ya wanachama. Mwenyekiti, katibu na mweka hazina huchaguliwa kwa kura, kama viranja wetu hapa shuleni zamani kabla kura zile hazijaleta vurugu. Mtu aliyechaguliwa anataka kuonyesha kwamba anafanya kitu. Timu ikipoteza mechi tatu, uwanja unaimba "kocha aende", naye anampiga kalamu kocha, watu wanapiga makofi. Kwa wiki mbili kila mtu ana matumaini. Ukweli usemwe, hapo sisi mashabiki tuna mkono wetu. Tunadai kichwa cha kocha Jumapili, na Jumatano tunailaumu kamati kwa kutukatia kichwa tulichokiomba.

Hesabu yake sasa. Hii ni ya kubuni, ili tu tuelewe. Tuseme kocha analipwa shilingi 300,000 kwa mwezi kwa mkataba wa miaka miwili, na anafutwa baada ya miezi mitano bila kosa. Imebaki miezi 19. Kama mkataba haukuweka kifungu cha namna ya kuuvunja, anaweza kudai mpaka shilingi 5,700,000. Kiingilio nacho tuseme ni shilingi 200, na watu 3,000 wamelipa. Hizo ni 600,000. Toa gharama za uwanja, ulinzi, waamuzi na usafiri, tuseme zinabaki nusu. Basi ili kumlipa mtu ambaye hata hafundishi tena, unahitaji mapato ya mechi 19 za nyumbani. Ligi ya timu 18 ina mechi 17 tu za nyumbani kwa msimu mzima! Na bado hujamlipa kocha mpya, wala mchezaji hata mmoja.

Si jambo la kubuni tu. SuperSport walipojiondoa mwaka 2017, pesa za televisheni zilikauka. Agosti 2019 SportPesa nao wakasitisha udhamini wao nchini baada ya mvutano na serikali kuhusu leseni na kodi, na Ingwe na Gor wakabaki wanatazamana. Mishahara ikakwama, Mbungo akaondoka. Yeye na wachezaji kadhaa wa kigeni walipeleka madai FIFA, na mwaka 2021 klabu ikapigwa marufuku kusajili wachezaji wapya hadi ilipe. Sheria za FIFA zinaruhusu marufuku ya aina hiyo kufika madirisha matatu ya usajili mfululizo. Patrick Aussems wa Ubelgiji, aliyewahi kuwa bingwa wa Tanzania na Simba, alijikuta na kikosi chembamba, akalazimika kuwatumia vijana wadogo. Mashabiki waliokuwa wakipiga kelele "sajilini straika!" wengi hawakuelewa kwamba straika hawezi kusajiliwa hata akija bure.

Hapa nina jambo ambalo huniuma. Mgeni asiyelipwa ana mlango wa FIFA wa kubisha, kwa sababu kesi yake inavuka mpaka wa nchi. Mchezaji wa kutoka Kakamega au Gilgil asiyelipwa hubaki na ngazi za hapa nchini, hasa shirikisho lenyewe au lile Jopo la Kusuluhisha Mizozo ya Michezo lililoundwa chini ya Sheria ya Michezo ya 2013. Kwa hiyo kamati isiyo na pesa inajua nani wa kulipwa kwanza. Halafu sisi tunamzomea kijana wa nyumbani kwamba anatembea uwanjani, kumbe pengine ametembea pia kuja mazoezini.

Kuna wanaosema dawa ni kuwaondoa wanachama, timu ipewe kampuni. Kwetu huku Bonde la Ufa tunalo jibu karibu na pua. Timu ya kwanza kabisa kuwa bingwa wa ligi ya taifa, mwaka 1963, ilikuwa Nakuru All Stars, timu ya mji. Miaka mingi baadaye Oserian, timu ya kampuni ya maua hapo kando ya Ziwa Naivasha, ilitwaa ubingwa mara mbili mfululizo, 2001 na 2002. Mishahara ilikuwa na mwenyewe, hakukuwa na uchaguzi wa kelele, wala mwenyekiti wa kuzomewa. Leo Oserian iko wapi katika ligi kuu? Haipo. Kampuni ikichoka, hakuna mwanachama wa kuinuka kusema hapana. Ingwe imeteremka, imefilisika, imefungiwa na FIFA, na bado ipo, kwa sababu wenyewe wamekataa ife.

Huko Tanzania wamejaribu njia ya katikati. Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936, ilikaa bila ubingwa tangu 2012 hadi 2018. Mashabiki wake walilia kama sisi. Mwaka 2017 wanachama walikubali mabadiliko, mfanyabiashara Mohammed Dewji akashinda zabuni ya asilimia 49, na 51 zikabaki kwa wanachama. Kuanzia 2018 wakachukua ubingwa mara nne mfululizo. Lakini msikimbilie kupiga vigelegele, kwa maana kisha Yanga nao wakachukua mara nne mfululizo, hadi 2025, na kelele dhidi ya uongozi wa Simba zikarudi palepale. Pesa hununua wachezaji. Subira ya shabiki hainunuliwi dukani.

Turudi kwa hoja ya mdahalo, kususia. Nimeshaonyesha hesabu ya kiingilio. Shabiki asipokwenda uwanjani, mwenyekiti hakosi chakula cha jioni, maana wengi wa viongozi hawa wana kazi zao nyingine. Dkt. Dan Shikanda, mchezaji wa zamani aliyechaguliwa mwenyekiti mwaka 2019, ni daktari. Anayekosa ni yule kijana wa pasi fupifupi. Njia ya mawe nayo ni mbaya zaidi. Machi 2012 mechi ya Mashemeji pale Nyayo ilisimama kwa muda mrefu kwa sababu ya ghasia, na ghasia kama hizo huleta faini, ambayo inatoka kapu lilelile.

Upande wa pili sasa. Nilipomwambia mjomba haya yote, alinitazama kama mwanafunzi aliyekula ada. "Wewe kijana," akasema, "niendelee kutoa pesa yangu ili watu wavunje mikataba nayo?" Sikuwa na jibu. Kususia ndiyo fimbo pekee aliyonayo, na mtu mwenye fimbo moja hawezi kuambiwa aitupe. Nikamuuliza kama hana nyingine kweli. Klabu ni ya wanachama, na siku ya uchaguzi anayepiga kura ni mwanachama aliyesajiliwa. Mlinzi wa mlango hapo haulizi umeimba miaka mingapi. "Wewe una kadi, mjomba?"

Akanyamaza. Ameshabikia timu hii tangu kabla ya mimi kuzaliwa, ana jezi tatu, moja imepauka hadi huwezi kujua ilikuwa ya rangi gani. Kadi hana, na hajawahi kuwa nayo. Rafiki zake wawili tuliokuwa tumeketi nao pale kwa mahindi wakaulizwa, nao hawana. Yule tanboi anayepiga kelele kuliko wote akajifanya anakagua tairi.

Jumapili iliyopita mjomba alipita nyumbani akitoka Naivasha. Alikunywa chai, akamsalimu mama, akazungumza mambo ya mvua. Alipokuwa anavaa koti ndipo akaniita kando, kwa sauti ya chini kama mtu anayeuliza habari za posa.

"Hiyo kadi," akasema, "ni pesa ngapi?"