Tusiwatazame Wakimbiaji Tu, Tutembee



Wapendwa wasomaji wa ukurasa wetu wa afya, mwezi huu tuzungumze juu ya mazoezi ya mwili. Naanza na kisa cha mgonjwa wetu mmoja.

Tarehe 15 Septemba 2025, Alphonce Simbu alishinda mbio za marathoni katika Mashindano ya Dunia ya Riadha mjini Tokyo, Japani. Alitumia saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Mjerumani Amanal Petros aliandikiwa muda ule ule, ikabidi waamuzi watazame picha ya mstari wa mwisho ndipo wajue nani ametangulia. Hiyo ilikuwa medali ya kwanza ya dhahabu kwa Tanzania katika mashindano hayo.

Baba mmoja wa makamo, ambaye hutibiwa presha kwetu, alisikia habari hiyo redioni akafurahi mno. Kesho yake alfajiri alivaa raba za mwanawe akatoka mbio. Hakuwa amekimbia tangu alipoacha shule. Hakufika mbali. Kifua kilimbana, jasho jembamba likamtoka, macho yakaingia kiza. Aliletwa hospitali kwa bodaboda. Tulipompima, presha yake ilikuwa 190 kwa 110. Tulipomhoji alikiri kwamba aliacha kumeza dawa tangu mwezi uliopita, kwa kuwa alijiona mzima.

Tunamshukuru Mungu alipata nafuu. Lakini siku ya kuruhusiwa aliniambia, "Sista, mazoezi ni ya akina Simbu. Mimi sithubutu tena." Nikaona anataka kufanya kosa la pili, nalo ni kubwa kuliko la kwanza. Nilivuta kiti nikamsimulia habari zifuatazo.

ALIYEFIKA WA MWISHO

Mwaka 1968, katika Michezo ya Olimpiki mjini Mexico City, John Stephen Akhwari aliiwakilisha Tanzania katika marathoni, yaani mbio za kilometa 42 na mita 195. Mji ule uko juu sana, zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Njiani Akhwari alianguka, akaumia goti na bega. Alifungwa bandeji, akaendelea. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alitumia saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani akichechemea zaidi ya saa nzima baadaye, giza limeshaingia na watu wengi wameondoka. Alikuwa wa 57, na nyuma yake hakuwepo mtu. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alieleza kwamba nchi yake haikumtuma mbali vile ili aanze mbio tu, bali azimalize.

Wengi wetu leo hatumkumbuki aliyekuwa wa pili siku ile, lakini Akhwari tunamkumbuka. Hakushindana tena na Wolde. Alikuwa na mwisho wake mwenyewe wa kuufikia.

Hata hivyo, mimi kama muuguzi naongeza neno. Msimwige Akhwari kwa kuvumilia maumivu. Yeye alikuwa mwanariadha aliyeandaliwa kwa miaka. Kwetu sisi, kumaliza mbio maana yake ni kurudi tena kesho.

MIAKA MINANE YA KUNGOJA

Simbu naye hakuamka siku moja akawa bingwa. Alikuwa wa 5 katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Mwaka 2017 alipata medali ya shaba katika Mashindano ya Dunia mjini London. Kutoka shaba hiyo hadi dhahabu ya Tokyo ilipita miaka 8 ya kuamka na kujizoeza, pamoja na mashindano ambayo alirudi bila medali. Je, sisi tunaotembea wiki mbili tukaona uzito haujapungua, kisha tukakata tamaa, tumengoja kiasi gani?

HAKUNA AKIMBIAYE PEKE YAKE

Tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, Eliud Kipchoge wa Kenya alikimbia urefu wa marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Haikuhesabiwa kuwa rekodi rasmi, maana hayakuwa mashindano ya kawaida. Alisindikizwa na wakimbiaji 41, waliopokezana kumtangulia na kumkinga na upepo. Kama bingwa yule alihitaji wenzake 41, mama mwenye kisukari anayetaka kuanza kutembea atashindwaje kuhitaji jirani wawili? Jumuiya zetu Ndogo Ndogo zinaweza kusaidia sana hapa.

MAZOEZI YANATUFAA NINI?

Misuli inapofanya kazi hutumia sukari iliyo katika damu, kwa hiyo mazoezi humsaidia mwenye kisukari. Moyo unaozoezwa hupata nguvu na kusukuma damu bila taabu nyingi, na presha huelekea kushuka. Usingizi huwa mzuri, mifupa huimarika, na mawazo hupungua.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Nusu saa kwa siku, siku 5 za wiki, zinatosha kufikia dakika 150. Mama anayelima kwa jembe na kuchota maji kisimani tayari anafanya mazoezi. Mashaka yangu ni juu yetu tunaoshinda tumekaa ofisini au dukani, na tunaopanda bodaboda hata kwa safari ya dakika kumi.

TUANZEJE?

1. Kama una presha, kisukari au ugonjwa wa moyo, au umekaa miaka mingi bila mazoezi, pima kwanza afya yako kwenye zahanati au hospitali.

2. Anza na dakika 10 za kutembea kwa haraka, siku 5 kwa wiki. Baada ya wiki mbili ongeza dakika 5. Endelea hivyo kila wiki mbili hadi ufikie nusu saa.

3. Mwendo unaofaa ni ule unaokuwezesha kuongea na mwenzako lakini usiweze kuimba. Ukishindwa hata kuongea, punguza mwendo.

4. Weka daftari. Kipchoge huandika mazoezi yake katika daftari. Nawe andika tarehe na dakika ulizotembea. Ukipimwa presha, andika pia.

5. Pumzika. Hata wanariadha wakubwa wana siku za mazoezi mepesi.

6. Usiache dawa. Mazoezi husaidiana na dawa. Daktari ndiye atakayesema kama zipunguzwe.

7. Mwenye kisukari avae viatu visivyobana, akague nyayo zake kila siku, na kama anatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, achukue peremende au sukari kidogo mfukoni. Akiona anatetemeka na kutoka jasho la ghafla, aile mara moja.

TAHADHARI

Simama mara moja ukisikia maumivu au kubanwa kifuani, kizunguzungu, moyo kwenda mbio bila mpangilio, au kukosa pumzi kupita kiasi. Kama hali haitulii baada ya dakika chache, au maumivu yanaelekea mkononi, shingoni au tayani, wahi hospitali. Usiseme "nitaona kesho".

Ndugu wasomaji, Mtakatifu Paulo alipowaandikia Wakorintho aliwakumbusha wakimbiaji wa uwanjani, kwa kuwa mji wao ulizijua sana mbio. Alijua kwamba mwanariadha mwenye kujinyima anaweza kumfundisha mtu asiyekimbia kamwe.

Yule baba alirudi kliniki baada ya miezi mitatu. Mkononi alikuwa na daftari la shule, kurasa zake zimejaa tarehe na dakika. Huenda kigangoni kwa miguu pamoja na mkewe na jirani yao mmoja. Dawa anameza kila siku. Presha yake ilikuwa 138 kwa 86. Nilimwuliza kama bado anamfuata Simbu. Akacheka, akasema, "Sista, mimi niko na Akhwari. Nafika tu."

Mungu awabariki, na awajalie afya njema ninyi na familia zenu.