Kurudia KCSE au Kusonga Mbele? Piga Hesabu Kabla ya Kuamua

Kila Januari, matokeo ya KCSE yakishatangazwa, swali moja huzunguka katika nyumba nyingi za Kwale, kuanzia Kinango na Matuga hadi Msambweni na Lunga Lunga: mtoto arudie mtihani au achukue nafasi anayoweza kupata sasa? Mzazi husema hivi, mjomba husema vile, na mwanafunzi mwenyewe hubaki katikati.

Anayejiuliza swali hili si peke yake. Katika mtihani wa 2024, kati ya watahiniwa 962,512 nchini, ni 246,391 waliopata gredi ya C+ na zaidi, ambayo ndiyo ya chini kabisa kwa masomo ya shahada. Hao ni takriban mmoja kwa kila wanne. Makala haya yanaeleza mambo ambayo familia inafaa kuyapima kabla ya kuamua.

Anza na pointi

Gredi iliyo kwenye karatasi ya matokeo haisemi yote. Kila gredi ina pointi zake: A ni 12, A- ni 11, B+ ni 10, B ni 9, B- ni 8, C+ ni 7, C ni 6, C- ni 5, D+ ni 4, D ni 3, D- ni 2 na E ni 1. Tangu 2023, gredi ya wastani hutokana na masomo saba: Hisabati, lugha moja (Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya), kisha masomo mengine matano aliyoyafanya vizuri zaidi. Jumla ya juu ni pointi 84.

Ili kupata C+ unahitaji pointi 46. C ya kawaida huanzia pointi 39 hadi 45. Kwa hivyo watahiniwa wawili wenye C wanaweza kuwa mbali sana: mmoja amekosa pointi moja, mwingine amekosa saba.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi amefanya masomo manane. Hisabati amepata D (3) na Kiswahili B+ (10). Masomo yake matano bora yanayobaki ni Dini ya Kiislamu B (9), Kiingereza C (6), Biolojia C (6), Biashara C (6) na Kemia D+ (4). Historia, aliyopata D, haihesabiwi. Jumla ni 44, na gredi yake ni C. Akipandisha Hisabati kutoka D hadi C- peke yake, anafika 46 na kupata C+. Huyu ana sababu nzuri ya kufikiria kurudia, kwa kuwa anajua ni somo gani lililomwangusha. Mwenye pointi 39 ambazo zimetawanyika sawa katika masomo yote ana kazi kubwa zaidi, kwani lazima apande karibu kila mahali.

Waliofanya mtihani kabla ya 2023 nao wapige hesabu upya. Utaratibu wa zamani ulilazimisha lugha zote mbili na sayansi mbili zihesabiwe. Leo somo dhaifu miongoni mwa hayo linaweza kuachwa nje.

C+ ni mlango, si kiti

Wapo pia wanaotaka kurudia ilhali wamepita. Wana C+ au B, lakini kozi wanayoitamani imewaponyoka. Hapa hesabu ni ya klasta. Halmashauri inayowapa wanafunzi nafasi katika vyuo vikuu na vyuo vingine, KUCCPS, hutazama masomo manne yanayohusiana na kozi, pamoja na matokeo ya jumla. Alama ya juu ya klasta ni 48.

Kozi zinazogombaniwa, kama vile udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi, huchukua wenye alama zaidi ya 40. Kwa hivyo, kabla ya kurudia kwa ajili ya kozi fulani, angalia kwenye tovuti ya KUCCPS alama ya mtu wa mwisho aliyechukuliwa katika kozi hiyo, kisha uilinganishe na yako. Ukikosa alama moja au mbili, kurudia kuna maana. Ukikosa kumi, jiulize kama mwaka mmoja utatosha.

Gharama ya mwaka mmoja

Serikali ya kitaifa imekuwa ikiwalipia ada ya mtihani wanaofanya KCSE kwa mara ya kwanza. Anayerudia hujilipia. Juu ya hiyo kuna karo, vitabu, nauli na mwaka mmoja ambao angekuwa chuoni au kazini.

Faida moja ni kwamba cheti cha kwanza hakifutwi. Ukishuka, bado unacho. Lakini matokeo ya miaka miwili hayaunganishwi: huwezi kuchukua B ya Kiswahili ya mwaka jana ukaipachika kwenye Hisabati ya mwaka huu. Anayetaka gredi mpya ya wastani lazima ajiandae kwa masomo saba, hata yale aliyoyafanya vizuri.

Kuna pia suala la wakati. Waliofanya KCPE ya mwisho mwaka 2023 ndio Kidato cha Nne cha mwisho cha mfumo wa 8-4-4, nao watafanya KCSE mwaka 2027. Wanaowafuata ni wanafunzi wa Gredi ya 10, walioanza sekondari ya juu Januari 2026 kwa mtaala mwingine. Anayetaka kurudia akiwa ndani ya darasa, pamoja na walimu na wenzake, hana miaka mingi ya kusubiri.

Njia nyingine ya kufika

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mwenye C- anaweza kuomba kozi za diploma, mwenye D kozi za cheti, na mwenye E kozi za ufundi stadi. Mwenye C aliyefanya vizuri Biolojia na lugha anaweza kuangalia uuguzi katika KMTC, ambayo ina kampasi hapa Msambweni. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kina kozi za diploma. Vituo vya mafunzo ya ufundi, ambavyo kwa mujibu wa Katiba ya 2010 ni jukumu la serikali za kaunti, viko karibu na nyumbani, kikiwemo cha Ukunda.

Vyuo vikuu pia hupokea wenye diploma. Njia hiyo ni ndefu kwa miaka, ila kila hatua humwachia mwanafunzi cheti ambacho mwajiri anakitambua.

Maswali manne ya kujibu nyumbani

Kwanza, nimekosa pointi ngapi, na katika masomo yapi? Pili, ni nini kilichoniangusha? Kama ilikuwa ugonjwa, msiba au kukosa karo, je, jambo hilo limekwisha? Tatu, nitasoma wapi, nani atanifundisha, na nani atalipa? Nne, je, anayetaka kurudia ni mimi au ni watu wa nyumbani? Mwanafunzi aliyerudishwa darasani kwa lazima mara nyingi hurudi na gredi ile ile.

Kama shaka yako ni usahihishaji, mkuu wa shule anaweza kuwasilisha malalamishi kwa Baraza la Mitihani, KNEC, ndani ya siku 30 baada ya matokeo kutangazwa. Fanya hivyo kwanza.

Usajili wa KCSE hufanywa mapema mwakani, na huwa na siku ya mwisho. Anayetaka kufanya mtihani kama mtahiniwa wa kibinafsi afike katika ofisi ya mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo yake akiwa na karatasi ya matokeo na kitambulisho au cheti cha kuzaliwa. Ambaye hajaamua aendelee pia kuomba nafasi kupitia KUCCPS dirisha likifunguliwa, ili uamuzi wake usije ukafanywa na kalenda.