Kibubu cha Barabara, Kibubu cha Redio

Jirani yangu ana duka Mishomoroni, wadi ya Junda, eneo la Kisauni, Mombasa. Ikiadhiniwa magharibi huanza kuingiza ndani ndoo, mafagio na makarai, na baada ya isha huuza kupitia nondo. Zamani alikuwa akifunga saa nne za usiku. Leseni yake ya biashara ameitia fremu ya kioo kama picha ya harusi, na chini yake, pembeni mwa mizani, kuna redio iliyozoea kukaa Pwani FM, kituo cha KBC, shirika la utangazaji la taifa.

"Mwanangu," aliniuliza juzi huku akinipimia mchele, "hii karatasi nailipia kila mwaka. Hii redio siilipii hata ndururu. Zote za serikali. Sasa pesa zangu za karatasi zenda wapi, na huyo wa redioni alipwa na nani?"

Kazi yangu ni kusoma sheria za fedha za umma, na ni nadra kusikia swali la bajeti lililoulizwa vizuri hivyo. Nilimwambia, "Mzee, nipe siku mbili." Haya ndiyo niliyomrudishia, nimeyanyoosha kidogo kwa ajili ya gazeti.

Jibu limo mwishoni mwa Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne. Jedwali hilo lina sehemu mbili. Ya kwanza inataja kazi za serikali ya kitaifa, na humo, chini ya uchukuzi na mawasiliano, utakuta utangazaji wa redio na televisheni. Ya pili inataja kazi za kaunti: masoko, leseni za biashara, barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho. Kwa hiyo redio ya mzee hujadiliwa Nairobi, na kizingiti cha duka lake hujadiliwa kisiwani, katika bunge la kaunti lenye wadi 30, saba kati yake zikiwa za Kisauni.

Mstari huo umenyooka kwenye karatasi tu. Barabara ya kwenda Malindi ni ya kitaifa, na vichochoro vinavyochomoka kutoka kwake ni vya kaunti. Maji ya mvua hayajui tofauti hiyo. Nayo masoko, yaliyo ya kaunti kwa mujibu wa Jedwali, bado serikali ya kitaifa inayajenga nchi nzima, kama ilivyofanya katika mpango wa kuchochea uchumi wa 2009, kabla ya Katiba hii kuzaliwa. Soko likifunguliwa, picha ni ya Nairobi. Choo chake kikiziba, lawama ni ya kaunti.

Sasa pesa. Ada ya leseni huwekwa na Sheria ya Fedha ya kaunti, ambayo hupitishwa kila mwaka. Kifungu cha 209 cha Katiba kinairuhusu kaunti kutoza kodi ya ardhi na majengo, kodi ya burudani, na ada za huduma inazotoa. Lakini kinachomjibu mzee hasa ni Kifungu cha 207: kila shilingi inayokusanywa na kaunti huingia katika Mfuko mmoja wa Mapato ya Kaunti, isipokuwa ile ambayo sheria ya Bunge imeitoa kwa sababu ya maana. Ada ya duka la Mishomoroni inachanganyika na ya maegesho ya mjini na ya hoteli ya ufukweni, na ikishachanganyika haina kwao tena. Hakuna anayeiba chochote hapo. Hivyo ndivyo mfuko mmoja unavyofanya kazi, na una faida yake, kwa kuwa wadi yenye maduka machache nayo hupata zahanati. Ila hakuna sheria inayosema hata shilingi kumi irudi kwenye mtaro ulio mbele ya duka lililoitoa.

Kinachokosekana, nilimwambia mzee, ni kibubu. Mtoto akitaka nguo za Idi, hatii shilingi zake katika mkoba wa mama pamoja na za unga na za stima. Anazitia katika kibubu chake, na siku ya kukivunja kila mtu nyumbani anajua kimevunjwa kwa ajili gani.

Walio na vibubu vya barabara wapo. Mwaka 1970, wafanyabiashara wa mtaa wa Bloor West Village mjini Toronto, Kanada, walipoona wateja wanakimbilia maduka makubwa ya kisasa, walikubaliana watozwe tozo ya ziada ambayo haitoki nje ya mtaa wao: ni ya taa, miti, usafi na matangazo ya pale pale. Mpango huo ulienea hadi Johannesburg na Cape Town. Uingereza nayo imejadili sana ufufuo wa barabara za maduka, na sheria yake ya 2023 imezipa halmashauri uwezo wa kunadi upangaji wa duka lililokaa tupu zaidi ya siku 365 ndani ya miezi 24, hata mwenye nyumba akinuna.

Dawa hiyo ya mwisho tusiiige. Ugonjwa wa Waingereza ni milango iliyofungwa kwa sababu watu wananunua kwa simu na kwenye maduka makubwa nje ya mji. Mishomoroni sijaona mlango unaokaa tupu mwaka mzima. Fundi cherehani akihama, baada ya wiki chache mtu wa M-Pesa ameshapaka rangi ya kijani. Ugonjwa wetu ni wa usiku. Kisauni imeonja mno habari za vijana wa mapanga, na mwenye duka anayesikia habari hizo kila mara hangoji kuona panga ndipo afunge. Kutoka saa moja, duka linapoanza kufungwa, hadi saa nne ya zamani ni saa tatu. Kwa mwezi ni saa 90 za biashara zinazopotea au kudhoofika katika duka moja, na saa hizo ndizo za mama wa viazi vya karai, za muuza mishikaki, za kinyozi, za mteja anayeshuka kwenye matatu akitoka kazini mjini. Ufufuo wa barabara Junda ukipimwa, upimwe kwa saa ya kufunga. Nguzo ya taa ya mulika mwizi, mtaro uliozibuliwa na kituo cha polisi kinachofikika vitaongeza mauzo kuliko kibao chochote cha uzinduzi.

Nasema hivyo nikikumbuka 2018, kaunti ilipoamuru majengo ya katikati ya mji na Mji wa Kale yapakwe rangi nyeupe na buluu, gharama juu ya wenye majengo. Mji ulipendeza. Sikatai. Lakini rangi ni ya kutazamwa mchana, na isitoshe, agizo lile lilikuwa la kisiwani. Upande wetu wa daraja ulibaki na rangi zake za kampuni za simu.

Upande wa redio ni mrefu zaidi, na kwetu una utamu wake. Ukitoka kisiwani ukavuka daraja la Nyali, kabla hujafika kwetu unapita Kengeleni, penye kengele ya Frere Town, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Katika jamii hiyo walitoka James Mbotela, mwandishi wa Uhuru wa Watumwa, na mwanawe Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025 baada ya kuwauliza Wakenya redioni kwa miongo mingi: Je, huu ni ungwana? Sauti maarufu kuliko zote za redio ya taifa ilitoka ng'ambo hii hii ya maji.

Na kisa chake kimoja kinafundisha kuliko sheria nyingi. Tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi waasi walimtoa nyumbani kwake Nairobi wakampeleka studio, akatangaza kwamba serikali imepinduliwa. Siku hiyo hiyo mapinduzi yalizimwa. Kituo kilikuwa kikiitwa Sauti ya Kenya, na kilikuwa ndicho pekee cha redio nchini. Anayekishika alionekana ameishika nchi. Jina limekuwa likigeuka na hali ya kisiasa: KBC mwaka 1961, Sauti ya Kenya baada ya kutaifishwa 1964, KBC tena 1989, safari hii likiwa shirika lenye sheria yake.

Sheria hiyo inaliagiza shirika litangaze habari, elimu na burudani kwa Kiswahili na Kiingereza na lugha nyingine litakazochagua, kwa uhuru na bila upendeleo. Kifungu cha 34 cha Katiba kinakaza: chombo cha habari cha serikali kijiamulie chenyewe maudhui yake, kisipendelee upande, na kitoe nafasi ya haki kwa maoni yanayotofautiana. Maneno mazuri. Sasa tafuta katika Kifungu hicho mstari unaosema mtangazaji huyo mwenye uhuru atakula nini.

Mjerumani hulipa yuro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, awe anasikiliza au hasikilizi. Mwingereza mwenye televisheni alitozwa pauni 174.50 kwa mwaka kuanzia Aprili 2025, na wabunge wake wanabishana kama mtindo huo uendelee mkataba wa kifalme wa BBC utakapokwisha mwisho wa 2027, maana vijana wameshahamia kwenye simu. Huko kibubu kipo, ugomvi ni wa ukubwa wake. Hapa KBC inategemea matangazo ya biashara na chochote ambacho Hazina Kuu imeamua kuipa mwaka huo, huku ikiburura deni la mkopo wa Japani wa 1989 wa kuboresha mitambo, mkopo uliodhaminiwa na serikali na ambao riba na adhabu zimeuvimbisha hadi mabilioni. Ukiisoma mizania yake utaelewa kwa nini Mkaguzi Mkuu wa Hesabu amekuwa akionya kwamba shirika haliwezi kujisimamia.

Machi 2024 serikali ilijaribu njia ya mkato. Waraka ulitoka kwa wizara na mashirika ya umma: matangazo yote ya redio na televisheni yapelekwe KBC peke yake. Wenye vyombo vingine vya habari walipiga kelele, kesi ikafunguliwa, na mwaka 2025 Mahakama Kuu ikaufuta waraka huo kwa kuona unakwenda kinyume cha Katiba. Nilikubaliana na mahakama na bado nakubaliana nayo. Waraka ule ulitaka kumnenepesha mmoja kwa kuwakondesha wengine, bila Bunge kupiga kura yoyote, na ungeifanya redio ya taifa imtegemee mteja mmoja mkubwa ambaye ndiye huyo huyo inayopaswa kumhoji. Lakini waliofurahia hukumu hawakutaja mbadala. Pwani FM humweleza mvuvi wa Junda habari za kaskazi na kusi kwa Kiswahili anachokielewa, na kazi hiyo haina mdhamini wa sabuni.

Sitaki nikudanganye kuhusu kibubu, kwa sababu tunacho kimoja na tunajua yaliyokipata. Kila lita ya petroli au dizeli inayouzwa Kenya ina ushuru wa matengenezo ya barabara. Hadi katikati ya 2024 ulikuwa shilingi 18. Julai mwaka huo ukapandishwa hadi 25. Bodaboda anayejaza lita kumi ameacha shilingi 250 za barabara pale kituoni, na abiria wake wa Mishomoroni ndiye anayezirudisha. Kibubu hicho kimeandikwa jina wazi. Hata hivyo magavana na Bunge la Taifa walivutana hadi mahakamani kuhusu shilingi bilioni 10.5 za ushuru huo katika bajeti ya 2024/25, kila upande ukisema barabara ni zake. Halafu zile shilingi saba zilizoongezwa zikawekwa rehani ili kupata bilioni 175 za kuwalipa makandarasi wa miradi ya zamani. Yaani kibubu kilifunguliwa kabla sarafu hazijadondoka ndani.

Kwa hiyo mswada ukisomwa, wa barabara au wa redio, mimi huruka utangulizi wenye ahadi nikaenda moja kwa moja penye mambo mawili: pesa zitakaa mfuko gani, na nani ana ufunguo. Mswada wa utangazaji usiojibu la kwanza hautailisha KBC. Usiojibu la pili utaifanya chombo cha ikulu, chini ya serikali yoyote itakayokuja. Kwa kaunti ningependa kuona Sheria ya Fedha inayotaja sehemu ya ada za leseni itakayorudi kwenye mtaa uliozitoa, kwa taa na mitaro tu, na hesabu yake ibandikwe ukutani pale pale mtaani. Katiba haizuii bajeti kugawa pesa hivyo. Kinachohitajika ni kura za wawakilishi wa wadi.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga mfuko wa mchele, akaniambia, "Haya niandikie basi."

Nimemwandikia mistari sita, na wewe mwenye duka Junda, Mjambere au Magogoni waweza kufanya vivyo hivyo. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 15, inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi katika bunge la kaunti. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufika bungeni kabla ya 1 Septemba, makadirio ya bajeti kabla ya 30 Aprili, na Mswada wa Fedha hupitishwa ndani ya siku 90 baada ya ule wa matumizi. Andika jina la barabara, taja nguzo ipi na mtaro upi, taja saa unayofunga, kisha ulipeleke ombi lako kwa karani wa bunge uombe nakala yenye muhuri. Unaweza kuandika kwa Kiswahili; Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitambua kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi.