Dawa ya Njano Haiko Kwenye Blichi

Siku ya kutoka saluni nywele zilikuwa na rangi ya mchanga mkavu, na kila mtu akazisifu. Wiki mbili baadaye zimekuwa za njano kali, au za chungwa kabisa, na mwenyewe anatembea amejifunga mtandio au amevaa kofia. Nimeona wengi hapa Kibaha, wasichana na vijana wa kiume waliokata nywele fupi, wakifika hatua hiyo na kukimbilia duka la vipodozi la Mailimoja kununua pakiti nyingine ya blichi. Nawaomba wasifanye hivyo. Njano ile karibu kila mara hurekebishwa kwa kuongeza rangi, na blichi ya pili ndiyo inayokata nywele.

Weusi wa nywele unatokana na chembe za melanini, nazo ziko za aina mbili: zenye weusi na ukahawia, na zenye wekundu na unjano. Nywele zetu zimejaa zile za kwanza. Blichi ikiingia ndani ya unywele huanza kuvunja zile nyeusi, lakini zile nyekundu na njano huwa sugu zaidi. Ndiyo maana kichwa cheusi lazima kipite kwenye kahawia, wekundu, chungwa na dhahabu kabla ya kufika njano hafifu. Hata ukifika huko, keratini, yaani protini iliyojenga unywele wenyewe, ina unjano wake kidogo. Hakuna blichi itakayoufuta huo na kukuachia nywele nzima.

Kwa hiyo njano haikuja baada ya wiki mbili. Ilikuwepo tangu siku ya kwanza, ila fundi aliifunika kwa tona, ile rangi nyepesi inayopakwa baada ya kusuuza blichi. Tona huchujuka kidogo kidogo kila unapoosha, na jua na joto la pasi ya nywele huiharakisha, mpaka kilicho chini kinajitokeza. Mteja anayelijua hili hawezi kudhani fundi wake alimlaghai.

Tunaifunika vipi tena, nyumbani? Kanuni yake kila aliyewahi kufua shati jeupe la shule anaijua: shati likianza kuwa na unjano, unalisuuza kwenye maji yenye bluu kidogo, na jicho linaliona jeupe. Rangi mbili zinazokabiliana zikikutana huuana. Zambarau huua njano. Bluu huua chungwa. Shampuu ya zambarau inayouzwa madukani inafanya kazi hiyo tu. Haing'arishi nywele, inaziwekea rangi kidogo.

Hapa ndipo watu wetu wengi hupotea. Maelekezo mengi ya kwenye simu yametengenezwa kwa ajili ya watu walioanza na nywele za kahawia hafifu, ambazo hufika njano kwa haraka. Sisi tunaanza na nyeusi tititi, na blichi moja ya nyumbani mara nyingi hutuacha kwenye chungwa. Ukipaka zambarau juu ya chungwa hutaona kitu, au utapata kahawia iliyochakaa, kisha utasema shampuu ni feki. Kabla ya kununua chochote, toka nje asubuhi, shika kishungi kimoja juu ya karatasi nyeupe, ukiangalie. Kama ni njano kama ganda la ndizi mbivu, nunua zambarau. Kama ni chungwa, tafuta shampuu au kondishena ya bluu. Taa ya chumbani itakudanganya.

Osha kwanza kwa shampuu ya kawaida, kausha kwa taulo mpaka maji yasidondoke, vaa glovu, kisha paka. Jaribu kishungi kimoja cha nyuma kwa dakika 2 au 3, usuuze, uone. Sababu ya tahadhari hii ni kwamba rangi hizo hushika zaidi pale unywele ulipoharibika, na ncha huharibika kuliko mizizi. Ukiacha kichwa kizima kwa nusu saa utatoka na ncha za zambarau na mizizi bado ya njano. Mara moja kwa wiki inatosha. Mwenye dredi asuuze kwa muda mrefu zaidi na kuzikamua, maana shampuu hubaki katikati ya dredi na kukaukia humo.

Halafu kuna maji. Kwa anayeishi Tangini, au kokote Kibaha, ni vizuri ajue anaoshea maji gani. Ya bomba hutoka mto Ruvu na kusafishwa mtamboni. Ya kisima hutegemea ardhi, na visima vingine vina chuma. Jaza ndoo nyeupe usiku. Ikiwa maji yaliyokuwa maangavu yamegeuka ya kikahawia asubuhi, au ndoo ina mstari wa kutu, basi kutu hiyohiyo inakaa kwenye nywele zako, na nywele zilizoblichiwa huinyonya kama sifongo. Hakuna zambarau itakayoishinda. Tena chuma kikikutana na peroksaidi iliyomo kwenye blichi au rangi utakayopaka baadaye huchochea joto linalounguza nywele. Kinga maji ya mvua za masika na vuli kwa ajili ya kusuuzia, au weka vijiko viwili vya siki kwenye lita moja ya maji, usuuzie, kisha paka kondishena.

Njia za mkato zipo, na mbili zinanitia hofu. Ya kwanza ni GV, ile dawa ya zambarau ya duka la dawa, ambayo watu hudondoshea kwenye kondishena. Inashika kweli, hata kwenye vidole na beseni. Lakini mwaka 2019 wizara ya afya ya Canada iliwatahadharisha wananchi wake waache dawa zenye GV kwa sababu ya hatari ya saratani, na sioni sababu ya kuisugua kichwani kila wiki kwa ajili ya urembo. Ya pili ni jiki ya kufulia. Jiki huyeyusha protini ya unywele, na ikikutana na rangi yenye amonia hutoa gesi ya sumu. Isiguse kichwa hata kidogo. Bluu ya kufulia haina hatari kubwa, ila ni unga usioyeyuka: hukaa juu, huchafua mto, na kwenye njano kali ya nywele, tofauti na unjano hafifu wa shati, huleta ukijani.

Mafuta nayo yana neno. Mafuta ya mgando yenye rangi ya njano hurudisha njano uliyoihangaikia. Ya nazi ni maangavu, na tuko Pwani, yanapatikana. Utafiti wa Rele na Mohile uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa hupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha, hata kwenye nywele zilizoharibika. Yapake kidogo usiku wa kuamkia siku ya kuosha.

Nywele zenye dawa ya kulainisha ni suala jingine. Dawa hiyo na blichi hushambulia vifungo vilevile vinavyoushikilia unywele, na unywele wetu uliojikunja una sehemu nyingi dhaifu. Lowesha unywele mmoja uuvute taratibu. Ukirefuka bila kurudi, au ukikatika papo hapo, acha kila kitu chenye peroksaidi, hata tona ya asilimia 6, na utumie shampuu na kondishena za rangi peke yake. Mizizi ikiota, blichi ipakwe kwenye mizizi tu. Zile ndefu zilishapata yake.