Kipimajoto Kinachodanganya Kimya Kimya

Je, wajua kwamba kipimajoto huzeeka? Sisemi kile cha zahanati. Nasema themokapo, kinachotiwa ndani ya matanuri ya viwandani. Ni nyaya mbili tu za metali tofauti, zimeunganishwa ncha. Ncha ikipata moto, umeme kidogo sana hutokea. Thomas Seebeck aliligundua jambo hili mwaka 1821.

Katika themokapo ya aina ya K, waya mmoja ni wa nikeli na kromi. Kwenye nyuzi 800 hadi 1000 hivi, mahali penye oksijeni haba, kromi huliwa kwanza na waya hugeuka kijani. Mafundi huuita uozo wa kijani. Waya haukatiki, ila umeme wapungua. Hapo ndipo balaa! Tuseme tanuri lina nyuzi 1000, kipimo chasema 970. Mtambo nao, maskini, huamini na kuongeza moto. Mafuta yanateketea bure, na chuma kilichomo kinaharibika.

Ajabu ni kwamba ukikichomoa ukakipima kwenye maji ya barafu, kitaonekana kizima kabisa, kwa maana kosa lake hujitokeza penye joto kali. Basi fundi mwerevu hutia kipya kando ya kizee, humo humo tanurini likiwaka, akalinganisha.